Mangungo hakuwa mjinga (kutoka Msovero mpaka "tuma kwa namba hii")



Leo sitaandika habari za boom kuchelewa wala foleni ya kafteria, hayo yapo na yataendelea kuwepo. Leo ni historia. Tangu nirudi kutoka mazoezi ya kufundisha kule Mara, watu wamekuwa wakiniuliza nimejifunza nini. Jibu langu ni moja: nimejifunza kwamba Chifu Mangungo anafundishwa vibaya, na jambo hilo linawagharimu watu hela mpaka leo. Najua mtasema huyu naye kaanza. Nivumilieni, ni kirefu kidogo.

Kwa wale walioiacha historia sekondari, nikumbushe kwa kifupi. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walikuja Zanzibar. Walisafiri kwa majina ya bandia, wakijifanya mafundi wa kawaida tu, ili Waingereza wasijue wamefuata nini. Mwezi Novemba wakavuka kwenda bara na kupanda mpaka Usagara. Tarehe 29 Novemba 1884 wakawa kwa Mangungo wa Msovero, ambayo leo ni upande wa Kilosa, Morogoro. Zikatoka zawadi, vikatoka vinywaji, yakatoka maneno matamu ya urafiki wa milele. Kisha ikatoka karatasi ya Kijerumani, na Mangungo akaweka alama yake. Karatasi ilisema ametoa nchi yake yote na haki zake zote. Katika wiki chache Peters akawa na mikataba 12 ya namna hiyo. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I akatoa hati ya ulinzi juu ya maeneo hayo, mchezo ukaisha.

Ukifika hapo darasani wanafunzi wanacheka. "Mwalimu, huyo alikuwa mjinga, kauza nchi kwa pombe!" Na sio wanafunzi tu. Mkataba mbovu wa mgodi ukijadiliwa bungeni au gazetini, lazima mtu aseme huu ni mkataba wa Mangungo. Jina la mtu aliyetapeliwa limegeuka kuwa tusi. Jina la aliyetapeli mtu anaweza kumaliza shule asilikumbuke.

Sasa hebu tumwangalie Mangungo kama mtu na sio kama kikaragosi. Usagara ilikuwa inapitiwa na misafara ya biashara, kwa hiyo wageni hawakuwa kitu kipya kwake. Mgeni anapokelewa, zawadi zinapokelewa, mnapatana, anapita. Peters aliitumia desturi hiyo hiyo. Halafu ona nani alimiliki nini pale. Karatasi ni ya Peters. Lugha ya karatasi ni ya Peters. Mkalimani kaja na Peters. Mangungo hakuwa na mtu hata mmoja wa upande wake wa kumuuliza, "hivi hapa pameandikwa nini?" Kila kitu alichokijua kuhusu ile karatasi kilipita mkononi mwa yule yule aliyetaka kumnyang'anya. Kwa hali hiyo hata profesa angesaini.

Mtu wa Musoma anaweza kusema hayo ni ya Wasagara, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Madai yaliyotokana na zile karatasi ndiyo yaliyowakalisha mezani Wajerumani na Waingereza. Tarehe 1 Novemba 1886 wakakubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba, kuzunguka Kilimanjaro, mpaka Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Angalieni ramani: mstari huo unaingia ziwani kaskazini ya Shirati. Wakurya wakagawanywa, Wajaluo wakagawanywa. Hakuna aliyekuja Mara kuuliza. Alama ya mtu mmoja Msovero, na miaka miwili baadaye mjomba wako yupo nchi nyingine.

Wataalamu wa usalama wa kompyuta mchezo huu wanauita uhandisi wa kijamii. Mtaani tunaita kulizwa, kupigwa, kuingizwa mjini. Maana yake ni kwamba mwizi hahangaiki kuvunja kufuli, anamfanya mwenye ufunguo amfungulie mwenyewe. Kuna Mmarekani mmoja maarufu, Kevin Mitnick, aliyekamatwa Februari 1995 baada ya kusakwa na FBI. Alipoitwa mbele ya maseneta Machi 2000 aliwaeleza kwamba kuwahadaa watu kulimfanyia kazi vizuri kiasi kwamba mara nyingi hakuhitaji ufundi wa kompyuta. Alipiga simu, akajifanya mfanyakazi mwenzao, akaomba, akapewa. Julai 2020 ikatokea ya Twitter. Vijana waliwapigia simu wafanyakazi wa kampuni wakijifanya watu wa kitengo cha kompyuta, wakapata njia ya kuingia, wakateka kurasa za kina Barack Obama, Joe Biden na Elon Musk na kuwaomba watu hela za bitcoin. Waliolizwa pale ni wafanyakazi wa kampuni ya teknolojia, Marekani, wamesoma mpaka basi. Kwa hiyo ile hadithi ya "anatapeliwa asiyesoma" tuiweke pembeni.

Turudi nyumbani, twende Bunda. Bunda na pamba ni kama Musoma na samaki. Enzi za Mwingereza mkulima alibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi mwenye leseni, na wengi wa wanunuzi hao walikuwa wafanyabiashara wa Kiasia. Mizani ya mnunuzi. Anayesoma mizani ni mtu wa mnunuzi. Anayeandika karatasi ya malipo ni huyo huyo. Mkulima anaambiwa uzito, anapokea, anaondoka. Mnaona inavyofanana na Msovero? Kila chanzo cha habari kipo upande mmoja.

Lakini hapa wakulima walifanya kitu ambacho Mangungo hakupata nafasi ya kukifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, wapimaji huru, kazi yao kuhakiki uzito. Mnunuzi akisema 40, mtu wako naye anasema ameona ngapi. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa ushirika mkubwa wa pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, mwaka 1955. Kiongozi wake mkubwa alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925 na ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Tunamsoma Bomani kama mwanasiasa, lakini kazi yake ya mwanzo ilihusu swali dogo sana: namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya kweli au sio ya kweli?

Tusidanganyane, haikuwa peponi. Ushirika ulipokua ukawa na mizani yake na makarani wake, na wakulima wakaanza kulalamika kwamba sasa wanapunjwa na chama chao wenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta wizi na uendeshaji mbovu. Somo liko wazi. Jicho la pili linakufaa likiwa lako. Siku likiajiriwa na mwenye mizani, umerudi Msovero.

Sasa twende Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922, na hii kila mtu anaijua. Ambacho hakisemwi sana ni kwamba Mara ilikuwa kwenye majaribio makubwa ya kufundisha watu wazima kusoma. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa kwenye mikoa 4 ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Ziwa Magharibi (ndiyo Kagera) na Mara. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao, mkulima kitabu cha pamba, mvuvi kitabu cha uvuvi. Mwaka 1970 Mwalimu akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha ikafuata kampeni ya nchi nzima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Jaribio la taifa la mwaka 1975 likaonyesha wamebaki asilimia 39.

Kwa nini naileta kwenye habari za utapeli? Kwa sababu tunazoea kuiona ile kampeni kama ya maendeleo tu, kilimo bora na uji wa mtoto. Lakini fikiria mama ambaye kijana wake yupo kazini Mwanza, anatuma barua na hela. Kama hujui kusoma, barua yako anasoma mtu mwingine. Anajua umetumiwa shilingi ngapi, lini, na nani. Akitaka anakuambia "kijana anasema zimetumwa 20" wakati zimetumwa 50. Siku mama yule alipoweza kusoma barua yake mwenyewe, pamoja na mambo mengine, alipata siri yake. Usalama wa taarifa ulifika kijijini kabla ya kompyuta, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Haya, sasa simu. Wengi wetu tulikuwa wadogo lakini wazazi wanakumbuka hela ilivyokuwa inasafiri. Ilikuwa mani oda ya posta, au bahasha kwa kondakta wa basi la Mwanza–Musoma, au unanunua vocha unatuma zile namba, mtu anaenda kuziuza dukani. Njia zote hizo zilikuwa na sura ya mtu ndani yake. Kondakta unamjua, kesho atapita tena. Mwezi Aprili 2008 Vodacom wakaleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Hela ikaanza kuruka bila sura. Imebaki namba tu, na sauti.

Matapeli walielewa mapema kuliko sisi. Chukua ile meseji maarufu kuliko zote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Haina salamu, haina jina, hata haijakutaja. Tunaicheka, lakini ni meseji ya akili sana. Inatumwa kwa maelfu ya namba, na katika maelfu hayo lazima yupo mtu ambaye saa ile ile anajiandaa kulipa kodi ya nyumba, au ada, au mchango wa harusi. Huyo anaona ni jambo analolijua, anatuma. Sasa niambieni, tamaa ipo wapi hapo? Anayenaswa na meseji ile ni mtu mwaminifu anayetaka kulipa deni lake kwa wakati. Tapeli hakutumia ujinga wake, ametumia uaminifu wake.

Serikali haikulala. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009. Kabla ya hapo laini ilikuwa unanunua kama pipi. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, ikaanza kutumika Septemba mwaka huo, na humo kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa la jinai. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha NIDA, tarehe ya mwisho ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa.

Sasa oneni tapeli alivyojibu. Hakuivunja mashine ya vidole. Alikaa kwenye meza yenye mwavuli, akakusajilia laini, kisha akasema kwa upole: "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Mara ya kwanza kilisoma. Mara ya pili ikasajiliwa laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikaenda kuliza watu mkoa wa mbali. Ndiyo maana kuna *106# ya kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ikafutwe. Kila mlango ulipofungwa, jamaa hakuleta nyundo, alileta hadithi mpya.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Shangazi yangu anaishi kijiji cha nje ya Bunda, na mtoto wake yupo bweni. Jioni moja akapigiwa simu. Sauti ya mwanaume, tulivu, ina adabu: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa zamu. Kijana ameanguka, tupo naye hospitali, inatakiwa hela ya kipimo sasa hivi. Usikate simu mama, nakuelekeza." Shangazi akatoka mpaka kwa wakala, simu ipo sikioni, akatuma 85,000. Mtoto alikuwa prepo, mzima kabisa.

Ukiitazama simu ile kwa jicho la historia unaona vitu vyote vya Msovero. Heshima ndiyo iliyofungua mlango, maana nani atamkatia simu mwalimu wa mtoto wake? Na lile neno "usikate simu" ndilo kiini chenyewe. Angekata, angempigia mkuu wa shule, mchezo ungekufa kwa dakika moja. Tapeli alijua ni lazima amzuie asimfikie mpimaji wake.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Shangazi hakumwambia mtu kwa miezi miwili. Wala mumewe. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu: "Baba, ningesema nini mbele za watu? Wangesema mimi ni mshamba." Aliongea siku moja tu kwenye kikoba, mama mwingine alipoanza kulia akisimulia sauti ile ile na hospitali ile ile. Kuhesabu, walikuwa 3 katika kikundi kimoja. Wa pili na wa tatu walilizwa wakati wa kwanza amekaa na siri yake ndani. Ile aibu ilimfanyia tapeli kazi ya bure.

Na aibu hiyo tunaitengeneza sisi. Tunaitengeneza darasani tunapocheka na Mangungo, tunaitengeneza hosteli mtu akisema kapigwa na simu ya "boom lako limekwama, nitajie namba ya siri tulifungue", chumba kizima kinaangua kicheko. Kesho mwenye kitanda cha juu akipigiwa simu hiyo hiyo, atakuwa hana habari, kwa sababu mwenzake alijifunza kunyamaza.

Wale akina mama wa kikoba wamefanya kitu kidogo ambacho Bomani angekielewa mara moja. Kila mmoja ameandika namba ya mkuu wa shule na ya matroni kwenye karatasi, aliyoichukua shuleni mwenyewe na sio kwa simu, na ameibandika ukutani karibu na mlango. Simu yoyote ya hela, hata kama ni ya msiba, unakata kwanza, unapiga wewe kwenye namba ya ukutani. Ukiambiwa usikate, ndiyo unakata haraka zaidi. Mtu akijifanya huduma kwa wateja wa mtandao wako, kumbuka wamekwishasema wanapiga kwa namba 100 tu. Na namba ya tapeli usiishie kuifuta kwa hasira, iripoti TCRA kupitia 15040 ifungwe.

Kwa wenzangu wa ualimu, hasa wa historia: mkifika kwenye mada ya Mangungo, msianze na "kwa nini alisaini". Waulizeni watoto mkalimani alikuwa wa nani. Waacheni wabishane. Kisha waulizeni nani nyumbani kwao aliwahi kupigiwa simu ya ajabu ya hela. Mimi nilijaribu hivyo kipindi kimoja, na mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea. Hakuna aliyecheka tena.

Mwenye ndugu aliyepigwa na anaona aibu kusema, mpelekee habari hii ya Msovero. Naomba kuwasilisha.